Ukienda mnarani na redio yako

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1898, mabaharia wa meli ya taa ya East Goodwin, nje ya pwani ya Kent huko Uingereza, walipelekeana salamu na nchi kavu bila waya. Meli ya taa haisafiri. Hutiwa nanga mahali pamoja na kuwashwa taa juu ya mlingoti, ili ionye vyombo pale ambapo mnara haujengeki. Ile ya East Goodwin ililinda mafungu ya mchanga ambayo yamemeza meli nyingi mno. Msaidizi wa Guglielmo Marconi, George Kemp, ndiye aliyefunga mitambo melini. Mitambo ya upande wa pili ilikuwa katika mnara wa South Foreland, juu ya majabali meupe karibu na Dover, umbali wa kilomita 19 hivi. Tarehe 17 Machi 1899 chombo kiitwacho Elbe kikapanda mchangani. Meli ya taa ikapiga ishara, South Foreland wakaipokea, mashua ya uokoaji ya Ramsgate ikaitwa. Mwishoni mwa Aprili mwaka huohuo, meli nyingine, R. F. Matthews, ikaigonga meli ya taa yenyewe kwenye ukungu, na safari hii walioomba msaada kwa redio walikuwa walinzi wa taa.

Kwa hiyo mtu akikuuliza redio na mnara wa taa vinahusiana nini, mpe kisa hicho. Redio ilipokuwa bado changa, kazi yake ya kwanza ya kuokoa roho ilifanyika baina ya mnara na meli ya taa.

Leo uhusiano huo unaendelezwa na watu wa redio za ridhaa, wale wanaoongea na wenzao duniani kwa mapenzi tu, bila malipo wala biashara. Mwaka 1998 kikundi cha redio za ridhaa cha mji wa Ayr, Scotland, kilianzisha wikendi ya kuwasiliana kwa redio kutoka minarani, na jambo likaenea hata likawa la kimataifa. Hufanyika wikendi kamili ya tatu ya Agosti, yaani Jumamosi na Jumapili zote mbili ziwe ndani ya mwezi huo. Huanza usiku wa manane kwa saa za kimataifa, UTC, ambao kwetu Afrika Mashariki ni saa 9 za usiku wa kuamkia Jumamosi, na huisha saa 9 za usiku wa kuamkia Jumatatu. Si lazima uingie ndani ya mnara. Kituo chako kikiwa pembeni yake kinatosha. Makala hii ni kwa anayetaka kwenda, hasa kwa mara ya kwanza, na hasa kwa aliye kwenye pwani yetu.

Jambo moja nalitanguliza, maana mengine yote yanalitegemea. Wikendi hii si mashindano. Hakuna pointi wala kombe. Ukienda na fikra za kukusanya majina mengi kwa muda mfupi, utarudi na daftari lililojaa ishara za wito na hutakuwa umemweleza hata mtu mmoja ulikuwa wapi. Anayekuita kutoka Poland au Brazili anautaka mnara. Anataka kujua umejengwa lini, kwa nini pale, unamulika vipi, nani aliulinda. Wewe ndiye mwenyeji wake, na redio ni mlango tu. Jiandae kama mtu anayetarajia wageni.

Sasa kibali, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu safari nyingi huvunjika mezani kabla hazijafika ufukweni. Unahitaji ruhusa mbili zisizohusiana kabisa. Ya kwanza ni leseni ya redio ya ridhaa kutoka kwa mdhibiti wa mawasiliano wa nchi uliyomo: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Leseni yako ya nyumbani haikuruhusu kurusha nchi jirani mpaka jirani mwenyewe akubali, hata kama ni mwendo wa basi wa nusu siku. Kama redio unaiingiza kutoka nje, uliza mapema juu ya kibali cha kifaa chenyewe, usije ukakiacha forodhani. Ruhusa ya pili ni ya mahali. Minara mingi ya taa ni mali ya mamlaka za bandari, kwa kuwa bado inafanya kazi ya kuongoza meli. Mingine iko ndani ya hifadhi, kama ule wa kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar, uliojengwa mwaka 1904. Miamba ya matumbawe inayouzunguka imehifadhiwa rasmi tangu 1994, na hapo utaongea na wasimamizi wa hifadhi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Barua yako iwe fupi na isiwe na maneno ya kitaalamu. Nimeona ombi zuri likikaa miezi mitatu mezani kwa afisa kwa sababu lilianza na masafa, wati na aina ya modulesheni. Afisa hakuelewa, na asichokielewa karibu na bandari lazima akiogope. Anza na kisa cha South Foreland. Sema mtakuwa wangapi, siku ngapi, mtakaa wapi, hamtapanda juu, hamtagusa taa, hamtatoboa ukuta, mtaondoka na kila kipande cha waya. Ambatisha nakala ya leseni. Tia mchoro wa mkono unaoonyesha mnara, meza yenu na waya utakapopita. Mchoro huo ndio utakaozungushwa ofisini.

Ukishapata barua, usidhani umemaliza. Watu wenye nyaya ndefu na vifaa vya kuongea na ng'ambo, wamejikusanya ufukweni usiku, watatiliwa shaka, na ni haki yao wanaoshuku. Nenda kwa sheha kama uko Unguja au Pemba, kwa mtendaji wa kijiji kama uko bara, kwa chifu kama uko Kenya. Pitia kituo cha polisi cha karibu uache nakala. Kisha, na hili wengi hulisahau, nenda kwa wavuvi. Wao ndio wenye ufuko. Waulize mashua zao hupandishwa wapi na njia ya kubebea samaki ni ipi. Waya uliotandazwa mchangani gizani, kwenye njia ya mtu mwenye tenga begani, ni hatari kwake na ni aibu kwako. Ukiwauliza vizuri watakueleza na maji yatafika wapi, na utayahitaji maelezo hayo kuliko unavyofikiri.

Maana siri ya kituo cha mnarani iko kwenye maji. Watu huutazama mnara wakatamani kufunga antena kileleni. Achana na tamaa hiyo. Kileleni kuna taa, kuna nguzo ya radi, mara nyingi kuna vifaa vya bandari vya kuongozea meli, na antena yako itavisumbua navyo vitakusumbua. Tena minara mingine, kama ule wa Ras Kigomasha kaskazini mwa Pemba, ni ya chuma, na chuma kirefu vile kikiwa karibu na waya wako kitayapotosha mawimbi. Rudi nyuma mita 10 au zaidi, uangalie baharini.

Maji ya chumvi hupitisha umeme mara maelfu kuliko mchanga mkavu. Antena ya wima iliyosimama karibu na maji hayo hutupa mawimbi yake chini, karibu na upeo wa macho, na mawimbi yanayoondoka chini ndiyo yanayofika mbali. Fimbo ya kuvulia samaki isiyopitisha umeme, ndefu kiasi cha mita 6 au 7, waya wa mita 5 uliofungwa kuifuata, na nyaya nyingine mbili au nne za urefu huohuo zilizotandazwa kuelekea majini: hapo una antena ya bendi ya mita 20, na gharama yake ni ndogo kuliko ya nauli. Waya wa wima huungwa na kiini cha kebo, zile za kutandaza huungwa na ganda lake. Nimeitumia antena ya namna hii kwa wati 20 tu, nikajibiwa kutoka Ulaya mfululizo jua likizama, wakati nyumbani kwangu, kilomita chache kutoka pwani, wati 100 zilikuwa zikihangaika.

Ukipendelea waya wa mlalo, gawanya 142.5 kwa masafa yako ya megahezi upate urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 14.2 ni mita 10 na kidogo, kwa 7.1 ni mita 20. Ukate katikati, uuinue juu kadiri uwezavyo. Kata mrefu kwanza, pima, kisha punguza kidogo kidogo. Waya mfupi haurefuki.

Pembeni mwa maji, lakini si ndani ya maji. Tazama jedwali la kujaa na kupwa kabla ya kuchagua tarehe ya kufika. Pwani yetu ina maji makubwa: siku za bamvua, mwezi uwapo mchanga au mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Mahali palipokuwa pakavu adhuhuri patakuwa na mawimbi ya kufika magotini ifikapo jioni. Mvuvi akikuonyesha mstari wa mwani mkavu mchangani, huo ndio mpaka wa maji. Meza, betri na redio vikae juu yake, na zile nyaya za kutandaza peke yake ndizo ziruhusiwe kulowa.

Na Agosti ni mwezi wa kusi. Upepo huo hupiga mchana kutwa na kuipinda fimbo kama upinde. Funga kamba tatu, mbili zikabili upepo, na mambo za kawaida za hema hazishiki mchangani. Zika mfuko uliojazwa mchanga, kamba ikiwa imefungwa shingoni mwa mfuko. Kama mnara wako uko kisiwani, vuka asubuhi mapema upepo haujakaza, na redio ikae ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Nahodha akisema bahari leo haifai, hiyo ndiyo hukumu, hata kama kibali kilikuchukua nusu mwaka.

Adui mwingine ni chumvi ya hewani, ambayo huioni. Mwaka mmoja, katika mnara ambao nilikuwa nimeungoja muda mrefu, sauti za watu zilianza kufifia Jumamosi jioni. Nilidhani ni anga. Nikabadilisha bendi, nikasubiri, nikalala nimevunjika moyo. Asubuhi nilifungua kiungo cha kebo chini ya fimbo: shaba ilikuwa imegeuka kijani, na nilipoigusa iliacha unga kwenye kidole. Usiku mmoja tu ulitosha. Tangu siku hiyo kila kiungo kinachokaa nje nakizungushia utepe wa mpira unaojishika wenyewe, halafu juu yake utepe mweusi wa mafundi umeme, halafu vichwa vya betri navipaka mafuta mazito ya mgando. Ni kazi ya dakika kumi. Ifanye kabla hujawasha chochote.

Umeme wa mnara usiuombe. Minara mingi sasa hutumia sola na betri zilizopimwa kwa kazi ya taa tu, na taa ile inangojwa na watu walio baharini usiku. Njoo na wako. Jenereta huleta kelele masikioni na mara nyingi redioni pia. Betri ni bora. Redio ya wati 100 hula kama ampea 20 inaporusha kwa nguvu zote, ampea moja au mbili inaposikiliza. Kwa mazungumzo ya sauti ambapo unasikiliza zaidi ya unavyosema, betri ya saa-ampea 100, ukitumia nusu yake ili usiiue, itakufikisha saa 12 hivi. Ukishusha nguvu hadi wati 20, utakaa muda mrefu zaidi, na maji ya chumvi yatakufidia. Zima chaja ya sola wakati wa kusikiliza na uone kama kelele inapungua. Vidhibiti vya bei rahisi hunguruma sana kwenye masafa mafupi.

Kuhusu saa: daftari la redio huandikwa kwa UTC, na sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tuna njia nyepesi ya kuipata. Mchana, toka saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, ongeza 3: saa 11 jioni ni 14:00. Usiku, ongeza 15, na ikifika au ikizidi 24 toa 24: saa 2 usiku ni 17:00, saa 10 alfajiri ni 01:00. Chunga tarehe baina ya saa 6 na saa 9 za usiku, kwa sababu kwa UTC bado ni jana. Mtu atakayetaka kadi ya kuthibitisha mawasiliano yenu ataipata tu kama saa na tarehe zenu zinalingana.

Kabla ya kuondoka nyumbani, andika karatasi moja kuhusu mnara wako na uitundike mbele ya macho. Mwaka wa kujengwa, urefu, rangi, umejengwa kwa nini, jina la mwamba au mlango wa bahari unaoulinda. Usiache mwako wake. Kila mnara una mdundo wake wa kumulika, mwako mmoja au miwili, kisha giza la sekunde kadhaa, ili baharia aujue hata asipouona mwili wake. Kaa nje usiku wa Ijumaa ukauhesabu mwenyewe kwa saa ya mkononi. Mtu wa Norway akikuuliza, ukamjibu kwa kuuhesabia mwako papo hapo, mmoja, giza, mmoja, atakuwa ameuona mnara wako kwa masikio. Andika pia jinsi ya kutamka jina la mahali, herufi kwa herufi, kwa alfabeti ya redio. Namba ya mnara kwenye orodha ya kimataifa itaje kila mara, kwa sababu wapo wanaokusanya namba hizo maisha yao yote.

Wito wako uwe wa polepole. Sema CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia, mara mbili au tatu, ishara yako ya wito, kisha sema wazi kwamba uko kwenye mnara wa taa. Ishara za Tanzania huanza na 5H na za Kenya na 5Z, nazo si za kawaida masikioni mwa watu. Watakuja wengi kwa pamoja, wakikanyagana. Usipandishe sauti. Chagua mmoja, mpe ripoti ya sauti yake, mweleze jambo moja la mnara, msikilize, umshukuru. Ukisikia sauti dhaifu chini ya zile nzito, waombe wenye nguvu wakae kimya kidogo. Mara nyingi aliye chini ni mzee mwenye waya kwenye balkoni, na kwake mazungumzo hayo ni makubwa kuliko kwa wote. Bendi ya mita 20 itakufaa zaidi kwa Ulaya kuanzia saa 10 alasiri hadi usiku. Mita 40 ngojea giza. Na usishangae ukijibiwa kwa Kiswahili kutoka Muscat. Oman ina watu wengi wa lugha yetu, na ina historia ya heshima katika redio hizi: marehemu Sultani Qaboos bin Said mwenyewe alikuwa na ishara ya wito, A41AA.

Kwa walio Ulaya na Marekani, mnaweza kupata nafasi kwenye meli ya taa iliyogeuzwa makumbusho, kama Ambrose ya New York, iliyojengwa mwaka 1907. Chombo cha chuma kilichokaa majini ni msingi bora wa antena, shida ni nafasi tu. Kaeni na mkumbuke walioishi katika meli za namna hiyo. Tarehe 15 Mei 1934 meli kubwa ya abiria Olympic ilikuwa ikifuata ishara ya redio ya meli ya taa ya Nantucket kwenye ukungu. Ishara ilikuwa sahihi mno. Olympic ikaifuata mpaka ikaipasua meli ya taa katikati, na watu saba kati ya kumi na mmoja wakafa. Kisa hicho kielezeni redioni kwa utulivu, bila kukitia chumvi.

Wageni watakuja pia kwa miguu, watoto kwanza. Zungushia kamba antena, kwa sababu waya unaorusha wati 100 huunguza kidole kikiugusa, na waeleze hivyo. Kisha mpe mmoja wao vipokea sauti asikilize. Kama masharti ya leseni yako yanaruhusu mtu mwingine aongee mbele yako, mwache aseme jina lake na la kijiji chake. Mkiruhusiwa kupanda kuitazama taa, mikono nyuma: kioo chake hupata madoa ya mafuta ya vidole, na mapazia yanayofungwa mchana yaacheni yamefungwa, kwa kuwa kioo kilekile kinachokusanya mwanga wa taa hukusanya jua na kinaweza kuwasha moto.

Jumatatu asubuhi, kusanya waya, fukua mifuko ya mchanga, ziba mashimo, rudi kwa sheha na kwa wavuvi uwaage. Peleka ripoti ya ukurasa mmoja kwa aliyekupa kibali, ikiwa na picha na orodha ya nchi zilizousikia mnara wake. Ripoti hiyo ndiyo barua ya mwakani.

Ras Serani, Ulenge, Nungwi, Kigomasha, Chumbe: minara ipo, bahari ipo, na wikendi inajulikana. Barua ya kibali iandike mwezi wa Februari, Agosti uwe hewani. Nami nitakuwa mita 20 jioni ya Jumamosi, nikisikiliza. Niite.